Barua ya maandamano kwa polisi nchini Kenya: mwongozo kamili, kuanzia kuandika taarifa hadi msafara kurudi nyumbani

Barua nyingi za maandamano huharibikia kwenye kichwa cha habari. Mwandaaji anaandika "YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUANDAMANA", kisha anashangaa kujibiwa kwamba kibali kimenyimwa. Kwa maneno hayo amempa mkuu wa kituo mamlaka ambayo sheria haikumpa.

Kenya haina kibali cha kuandamana. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama na mabango na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, mradi awe na amani na asibebe silaha. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura 56, kinakutaka uwape polisi taarifa. Ukiitoa vizuri na ukabaki na ushahidi kwamba uliitoa, polisi hawana njia rahisi ya kuuita msafara wako mkusanyiko haramu, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja.

Mwongozo huu ni wa Kenya peke yake. Usiuchukue ukavuka nao mpaka. Tanzania, kwa mfano, muda wa taarifa ni saa 48, na polisi wa huko wana mamlaka mapana zaidi ya kuzuia.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Nakala 4 za barua, zote zikiwa na sahihi kwa wino: ya kituo, ya kamanda wa polisi wa kaunti ndogo, ya wakili na yako.
- Kitambulisho cha mwandaaji na nakala yake.
- Anwani halisi, yaani jengo, barabara na mtaa. Sanduku la posta halitoshi.
- Mchoro wa njia, hata wa kalamu, wenye majina ya barabara zote.
- Kauntabuku ya kuandikia kila kinachotokea: tarehe, saa, jina, namba ya afisa.
- Wakili mmoja aliyekubali kupokea simu siku hiyo, pamoja na wa akiba.
- Vizibao vya rangi moja kwa wasimamizi, megafoni, maji mengi na kisanduku cha huduma ya kwanza.
- Akiba kidogo ya fedha za dhamana, zikae kwa mtu ambaye hatakuwa kwenye msafara.

## Hatua ya 1: Hakikisha unahitaji taarifa

Taarifa inahitajika kwa mkutano wa hadhara au msafara unaohusu mambo ya umma au ya siasa. Ibada, sherehe, mkutano wa kitaaluma au kikao cha wanachama wa chama kilichosajiliwa kujadili mambo yao havimo. Mgomo wa wafanyakazi nao una sheria yake, inayotaka ilani ya maandishi ya siku 7.

Ukiwa na shaka, toa taarifa. Itakugharimu karatasi chache tu.

## Hatua ya 2: Chagua siku na uhesabu kwa uangalifu

Sheria inasema taarifa ifike si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya tarehe ya maandamano. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu wanahesabu siku ya kupeleka barua kama siku ya kwanza.

Hesabu siku kamili zilizo katikati. Usihesabu siku uliyopeleka barua, wala siku ya msafara. Jumapili na sikukuu za umma ziruke pia, kwa kuwa muda ukiwa mfupi hivyo, kanuni za kuhesabu siku huziacha nje. Tuseme unaandamana Jumanne. Ukipeleka barua Alhamisi, unapata Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu, na hizo ndizo siku tatu. Ukipeleka Ijumaa, umechelewa, na afisa anayejua sheria atakuonyesha hivyo bila kukuonea.

Lakini usiishi kwenye ukingo. Peleka kati ya siku 7 na 10 kabla. Muda huo unakuachia nafasi ya kujibizana, kubadilisha njia na, ikibidi, kwenda mahakamani. Wenye haraka zaidi hupeleka wiki tatu kabla, nayo ni makosa vilevile kwa sababu wamevuka siku 14.

Kuhusu siku yenyewe, Jumanne hadi Alhamisi ndizo salama. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, muda unasogea hadi siku inayofuata ya kazi. Anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala seli hadi Jumatatu, na sheria haitakuwa imevunjwa.

Saa za maandamano ni kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Panga kumaliza ifikapo saa 9 alasiri. Watu wanahitaji muda wa kupata matatu na kufika nyumbani kabla giza halijaingia, na msafara unaotawanyika gizani ndio unaoingiliwa na wezi.

## Hatua ya 3: Chagua njia inayoelezeka

Njia ambayo huwezi kuieleza kwa sentensi mbili ni ndefu mno. Itembee mwenyewe siku ya kazi, saa ileile, na uangalie kona nyembamba, mahali penye ujenzi, hospitali na shule. Tafuta angalau njia tatu za watu kutokea iwapo mambo yataharibika, kwa sababu barabara yenye ua mrefu pande zote mbili huwa mtego.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza, barua ya polisi haikupi uwanja. Ukimalizia kwenye bustani au uwanja wa kaunti, pata idhini ya kaunti kwa maandishi, na kama ni uwanja wa kanisa au wa shule, ya mwenyewe. La pili, kuna maeneo yaliyotangazwa kuwa ya ulinzi chini ya Sheria ya Maeneo ya Ulinzi, Sura 204, ambayo kuingia bila ruhusa ni kosa hata ukiwa peke yako. Malizia nje ya mipaka yake, kisha watu wachache waliotajwa kwa majina wapeleke waraka mlangoni.

## Hatua ya 4: Andika barua

Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, kwa hiyo usikubali kuambiwa barua yako haipokelewi mpaka iwe ya Kiingereza. Sheria inataka majina kamili na anwani halisi ya mwandaaji, tarehe na saa, pamoja na mahali au njia. Kikosekana kimoja, umempa afisa sababu. Ukipewa fomu kituoni, ijaze, kisha uambatishe barua hii:

> Kwa: Afisa Mkuu wa Kituo cha Polisi cha ______
>
> YAH: TAARIFA YA MAANDAMANO YA AMANI CHINI YA KIFUNGU CHA 37 CHA KATIBA NA KIFUNGU CHA 5 CHA SHERIA YA UTULIVU WA UMMA, SURA 56
>
> Mimi, (majina yote matatu), mwenye kitambulisho namba ______, wa (jengo, barabara, mtaa), simu ______, nakuarifu kwamba ninaandaa maandamano ya amani siku ya ______ tarehe ______, kuanzia saa 3 asubuhi (0900) hadi saa 9 alasiri (1500).
>
> Njia: tutakusanyika Jeevanjee Gardens, tutafuata Moi Avenue, tutaingia Kenyatta Avenue na kumalizia Uhuru Park. Mchoro umeambatishwa.
>
> Lengo: ______ (sentensi moja).
>
> Tunatarajia watu wapatao ______. Kutakuwa na wasimamizi ______ waliovaa vizibao vya rangi ya ______. Nitakuwepo mwanzo hadi mwisho na nitashirikiana na maafisa wako kulinda amani. Tunatarajia ulinzi na msaada wa maafisa wa trafiki.
>
> Jibu lolote tafadhali lifikishwe kwa maandishi katika anwani iliyo hapo juu.

Ona kwamba hakuna neno "naomba", "ruhusa" wala "kibali". Adabu ipo, ila hakuna kupiga magoti.

Saa ziandikwe kwa namna mbili, kama ilivyo hapo juu. Barua iliyosema "saa 3 hadi saa 9" bila zaidi, mtu mwingine akiitafsiri kwa Kiingereza, inaweza kusomwa kuwa inaanza alfajiri ya manane, nje ya muda wa sheria.

Idadi ya watu usiipunguze ili kumtuliza afisa. Ukiandika 50 wakaja 800, ulinzi utakuwa wa watu 50 na lawama itakuwa yako.

## Hatua ya 5: Ipeleke, na usiondoke mikono mitupu

Anayepokea ni mkuu wa kituo cha eneo hilo, yaani OCS. Msafara ukipita maeneo ya vituo viwili, peleka kote kuwili.

Nendeni wawili, asubuhi ya siku ya kazi. Mmoja anaongea, mwingine anaandika. Maneno ya mezani ni machache: "Afande, nimeleta taarifa ya maandamano chini ya kifungu cha 5. Naomba uipokee na unigongee muhuri kwenye nakala yangu."

Umefaulu ukiondoka na nakala yenye muhuri wa kituo, tarehe, saa, pamoja na jina na sahihi ya aliyepokea. Muhuri usio na tarehe inayosomeka ni nusu ya kazi, kwa hiyo mwombe aurudie. Uliza pia kama taarifa imeingizwa kwenye rejista, kwa kuwa sheria inamtaka afisa aweke rejista ya taarifa zote, na rejista hiyo ni ya umma.

Kikwazo kikubwa ni afisa anayeichukua barua na kukataa kugonga muhuri. Husema mkuu hayupo, au kwamba "tutakupigia". Usigombane naye. Fanya haya, siku hiyohiyo:

1. Andika kwenye kauntabuku jina lake, namba yake ya kazi, saa na maneno aliyosema. Afisa aliyevaa sare anatakiwa na sheria aonyeshe jina au namba. Mwenzako atie sahihi chini.
2. Peleka nakala kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo, ambako mara nyingi kuna sajili ya barua na muhuri unapatikana.
3. Tuma nakala nyingine kituoni kwa posta ya rejista au EMS, huduma ya haraka ya posta, na utunze risiti.
4. Nenda kwa kamishna wa viapo mkaape hati, wewe na mwenzako, kueleza barua ilivyofikishwa. Mahakamani hati hiyo inafanya kazi ya muhuri.

Usipige picha ndani ya kituo bila idhini. Utaanzisha ugomvi mwingine na barua itasahaulika.

## Hatua ya 6: Soma jibu kwa jicho la sheria

Ukimya si katazo. Siku zikipita bila jibu la maandishi, endelea na maandalizi.

Sababu ambayo sheria inaitaja ya kukwambia kabla ya siku kwamba haiwezekani ni moja: kuna mwingine aliyetangulia kutoa taarifa ya mahali hapo, siku na saa hiyo. Hata hapo, afisa anatakiwa akujulishe mara moja na kwa maandishi. Omba kuona rejista. Kama ni kweli, badilisha saa au njia na utoe taarifa upya, ukianza tena kuhesabu siku.

Siku yenyewe, afisa wa cheo cha inspekta au zaidi anaweza kusimamisha msafara ambao haukutolewa taarifa, au ambao kuna hatari ya wazi na iliyo karibu ya uvunjaji wa amani. Hatari hiyo lazima ielezeke. "Hatuna maafisa wa kutosha", "kuna wageni mjini" au "wafanyabiashara wamelalamika" hazimo katika kifungu hicho.

Ukipigiwa simu na kuambiwa maandamano yamepigwa marufuku, jibu kwa upole: "Sawa afande, nitasubiri barua." Kisha andika saa na namba iliyopiga.

Kuna wakati ni busara kukubali nusu. Afisa akikuomba uhamishe msafara barabara moja kando kwa sababu ya hospitali, mkubalie na muandikiane. Akitaka uuhamishie uwanja wa nje ya mji ambako hakuna atakayeusikia, hapo haki yenyewe imeondolewa na jina tu limebaki.

## Hatua ya 7: Ukizuiwa, nenda Mahakama Kuu mapema

Watu wengi hudhani mlango huu ni wa matajiri. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki hizi, na kwamba mahakama, ikibidi, ipokee hata nyaraka zisizo rasmi. Wakili anasaidia sana, lakini kutokuwa naye hakukufungii mlango.

Faili iwe na vitu vitano: barua yenye muhuri au hati ya kiapo, katazo la polisi au maelezo ya simu, kurasa za kauntabuku, mchoro wa njia, na ombi la amri ya muda lililoambatana na hati ya dharura. Ombi liwe finyu: polisi wasizuie msafara wa tarehe hii, kwa njia hii, kwa saa hizi. Ombi linalotaka mahakama ikemee polisi wa nchi nzima huchukua miezi.

Amri hutoka haraka pale makaratasi yakiwa safi. Julai 2024 polisi walitangaza kupiga marufuku maandamano katikati ya jiji la Nairobi, na tarehe 18 mwezi huohuo Mahakama Kuu ikalisimamisha katazo hilo.

Ukipata amri, chapisha nakala 20. Moja ifikishwe kituoni na kugongwa muhuri, nyingine zigawiwe wasimamizi. Inspekta aliye barabarani huenda hajaiona.

## Hatua ya 8: Mabango, nyimbo na megafoni

Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda maneno makali, hata yanayomuudhi rais. Hakilindi propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, wala matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa kuchochea chuki ya kikabila.

Kipimo cha vitendo: bango liseme mtu alifanya nini au sera inafanya nini. "Rudisheni pesa za hospitali" liko salama. Bango linalotaja kabila, au linalosema mtu achomwe, lishushwe palepale, hata kama aliyelibeba ni rafiki yako. Bango moja la aina hiyo likipigwa picha, ndilo litakalokuwa habari ya jioni.

Kumtukana afisa wa serikali hakupendezi, lakini kosa la kale la kudhoofisha mamlaka ya ofisa wa umma, kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, lilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017. Ukitajiwa kifungu hicho, mwambie wakili.

Usitumie miti ya mbao kushikilia mabango. Mbao zaweza kuitwa silaha, na aliyebeba silaha ametoka kwenye kinga ya Kifungu cha 37. Tumia kadibodi ya kushika kwa mikono miwili.

## Hatua ya 9: Siku ya msafara

Mwandaaji lazima awepo mwanzo hadi mwisho. Hili ni takwa la sheria, kwa hiyo usiondoke kwenda studio kuhojiwa wakati msafara uko barabarani.

Weka wasimamizi wasiopungua 10 kwa kila watu 200: wawili mbele, wawili nyuma, waliobaki pembeni. Wa nyuma ndio muhimu zaidi, kwa sababu fujo huanzia mkiani, ambako mwandaaji haoni. Saa moja kabla ya kuanza, mtafute afisa mwandamizi aliyepo, msalimie, mwonyeshe nakala yenye muhuri na mpe namba yako. Afisa anayejua nani wa kumwita hufikiria mara mbili kabla ya kurusha vitoa machozi.

Kila mtu aandike namba ya wakili mkononi kwa kalamu isiyofutika. Simu huchukuliwa, ngozi haichukuliwi.

Wahuni wakiingia, msafara usimame na watu wakae chini pale walipo. Wanaobaki wamesimama ndio watakaoonekana. Wasimamizi wasipigane nao. Wawarekodi, wamwite afisa aliyetambulishwa, na watangaze kwa megafoni kwamba hao si sehemu ya msafara. Wakiendelea, maliza maandamano na uelekeze watu kwenye njia za kutokea. Kuumaliza msafara mapema hakukuzuii kutoa taarifa nyingine wiki ijayo.

Vitoa machozi vikirushwa, tembea kuelekea upepo unakotoka, usifikiche macho, yaoshe kwa maji safi mengi. Asiwepo aliyejipaka mafuta mazito usoni, maana hushika gesi kwenye ngozi. Wenye pumu wabebe dawa yao mfukoni, si kwenye begi. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199.

## Hatua ya 10: Mtu akikamatwa au akiumizwa

Anayekamatwa apaze sauti jina lake kamili, na aliye karibu aandike jina hilo, namba ya gari na mahali. Kituoni ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili. Aseme jina lake na aishie hapo. Asitie sahihi taarifa yoyote wakili akiwa hajafika.

Aliye nje aulize namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kituo kikikana kwamba hakina mtu huyo, zungukieni vituo vya jirani mkiwa na picha yake, na wakili ajulishwe papo hapo. Dhamana ya fedha lazima iwe na risiti rasmi. Pesa inayopokelewa bila risiti hiyo si dhamana.

Aliyeumizwa atibiwe kwanza, atunze karatasi za hospitali, kisha aripoti kituoni, apate namba ya OB na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ambayo daktari ataijaza. Kama aliyemuumiza ni polisi, aripoti pia kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, simu 1559 bila malipo. Nguo zenye damu zisifuliwe. Ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kwani mfuko wa plastiki huziozesha.

Video ziachwe kama zilivyo kwenye simu iliyorekodi. Mnapotumiana kwa WhatsApp, tumeni kama hati, si kama video ya kawaida, kwa sababu ikitumwa kikawaida hubanwa na kupoteza tarehe na taarifa zake za ndani.

Ile nakala ya barua yenye muhuri usimkabidhi mpelelezi, hata akiiomba kwa heshima. Mpe fotokopi, na ile yenye muhuri ikae kwa wakili hadi kesi iishe.